Mjomba Asiye na Dada

6 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naamini wewe na lifti zako mu wazima. Sisi hatujambo. Mama amepata kazi ya kushona mapazia ya hoteli mpya iliyo karibu na kituo cha mabasi. Sebule imejaa kitambaa cha rangi ya maziwa yaliyoharibika, na kila anayeingia anaamrishwa kuvua viatu utadhani anaingia chumba cha upasuaji. Bibi macho yake yamezidi kupungua lakini masikio yameongezeka. Hakuna neno linalosemwa jikoni lisimfikie aliko. Anakusalimu. Mimi bado niko duka la miwani, kwenye chumba cha nyuma, nasaga lenzi. Bosi wetu, tunayemwita Darubini kwa sababu anaona makosa ya mtu aliye mtaa wa pili, ameanza kuniachia lenzi za wateja wenye macho magumu.

Nimekupigia simu tangu Novemba. Namba yako haipatikani, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi na stempu.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata chuo, tena huko huko uliko. Ni shahada ya sayansi ya macho, na masomo yanaanza Septemba. Ada wanalipa wao wenyewe kwa ufadhili ambao mwaka huu wameutoa kwa watu wachache sana. Ufadhili huo haugusi malazi. Ubalozi unataka nioneshe nitaishi wapi mwaka wa kwanza, kwa hiyo naomba vitu viwili: barua yako fupi ya kusema nitakaa kwako, na nakala ya kibali chako cha ukaazi.

Nilipofaulu kidato cha sita ulituandikia, "Ukipata chuo huku, mlango ni mimi." Mama aliisoma barua ile kwa sauti mbele ya majirani. Basi nimefika mlangoni, Mjomba, nabisha hodi.

Mpwa wako

---

11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Baridi ya huku siwezi kuwaeleza watu ambao wakipigwa na feni tu wanakohoa. Mwambie dada kwamba kitambaa cha rangi hiyo huku hatupigii hata deki. Mama nimemsikia, msalimie, na mmpeleke hospitali ya maana, si hizo zenu za kupewa vidonge vyeupe kwa kila ugonjwa.

Sasa hicho chuo chako nakifahamu kuliko wanaokitangaza. Lifti ya maktaba yao hukwama kila mara na mimi ndiye naitwa kuifungua. Nimewatoa humo maprofesa wanatetemeka kama vifaranga walionyeshewa. Mmoja alikuwa ameshalia. Hao ndio unataka wakufundishe? Tena sayansi ya macho! Miaka minne ya kujifunza kumwambia mtu mzima asome herufi ukutani. Hiyo kazi unaifanya sasa hivi bila shahada, na huyo Darubini wako anakulipa. Kwenu mtu akiona neno "chuo" na neno "nje" kwenye sentensi moja, akili inafunga virago.

Kuhusu barua na kibali, mambo ya huku hayaendi kienyeji. Nyumba ninayoishi ina kanuni zake, na kibali si picha ya harusi ya kugawia watu. Nakushauri uombe nchi nyingine, zipo nyingi, na nyingine zina vyuo vyenye lifti nzima. Kama ni lazima uje huku, tafuta bweni.

Simu nimebadili namba. Sitaitoa, simu zina masikio. Tuandikiane kwa sanduku hilihili la rafiki yangu. Na usitaje jina langu mahali popote mpaka nikwambie.

Mjomba wako

---

5 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku ni wazima. Hoteli imemrudishia Mama nusu ya mapazia kwa madai kwamba yamezidi urefu. Amewaambia madirisha yao ndiyo mafupi. Bibi amefurahi kusikia umemtaja, ingawa ilinibidi niruke ile sehemu ya vidonge vyeupe, maana anavipenda.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta jibu, mara ya pili natafuta aibu. Sikupata hata kimoja. Nakujibu kwa mpangilio ulioutumia wewe.

Umesema nafanya kazi hiyo bila shahada. Kweli. Nasaga lenzi za mtu aliyeandikiwa karatasi na mtu mwingine, na siruhusiwi kumtazama jicho. Wiki iliyopita alikuja dereva wa lori kubadili miwani kwa mara ya tatu, nami nilijua kwa jinsi alivyoushika mlango kwamba shida yake si miwani. Nikamwambia Darubini. Akaniambia, "Wewe saga." Ndiyo maana nataka kwenda.

Umesema niombe nchi nyingine. Nchi nyingine hazijanipa ada.

Umesema nitafute bweni. Nimeandikia ofisi ya malazi, wakajibu kwamba vyumba vya mwaka wa kwanza vimekwisha na wakaniuliza kama nina ndugu mjini. Nikacheka peke yangu mbele ya kompyuta mpaka mwenye duka la mtandao akanitazama vibaya.

Umesema nisikutaje. Hapo sijakuelewa, kwa sababu fomu ya viza ina swali la ndugu waliopo nchini humo, majina yao na uhusiano, na chini yake imeandikwa kwamba anayedanganya ananyimwa. Miadi yangu ubalozini ni tarehe 18 Aprili. Kama kuna sababu ya kutokujaza, niambie ni ipi, nami nitaipima. Mtu mzima anayefungua lifti za maprofesa hawezi kushindwa kuandika sentensi moja yenye "kwa sababu" ndani yake.

Bibi ameniomba niongeze hili kwa maneno yake: "Mwambie asijikaze sana. Akishindwa, aseme."

Mpwa wako

---

30 Machi

Mpwa,

Usijaze jina langu. Kwenye swali hilo andika HUNA. Watu wa vijijini mna ugonjwa wa kujaza kila nafasi mnayoiona kwenye fomu, kana kwamba mtapewa maksi.

Sababu unayoitaka haikuhusu. Mimi ndiye niliye huku, mimi ndiye ninayejua. Fanya kama ulivyoambiwa, kisha tutaona habari ya malazi. Huenda nikakupatia mtu.

Mjomba wako

---

29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama na Bibi hawajambo. Sijawaambia ninayokuandikia leo, na wewe utaelewa kwa nini.

Barua yako ya tarehe 30 Machi imefika siku sita baada ya miadi yangu. Sisi si watu wa vijijini, Mjomba, tunakaa mjini, mtaa uleule uliouacha, na posta yetu ni ileile. Kama ungejibu mapema ungenikuta. Nilikuwa nimeshajaza jina lako, uhusiano wetu na mwaka ulioondoka. Nilijaza kwa herufi kubwa, vizuri sana.

Ubalozini tulipangwa kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa kwa mnyororo, sijui wanaogopa tutaviiba au vitakimbia. Niliitwa dirisha la tatu. Alikuwepo mwanamke mwenye koti la kijivu na miwani iliyopinda upande wa kushoto, nilitamani kumnyooshea. Aliuliza habari za masomo, nikajibu. Akauliza nani atanipokea, nikasema mjomba wangu.

"Mjomba kwa maana gani?"

"Kaka wa mama yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Akaandika kwenye kompyuta. Akaacha kuandika.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai. Sasa hivi anashona mapazia."

"Na bibi yako, mzaa mama?"

"Yupo nyumbani. Anasikiliza redio."

Akageuza skrini kidogo kwake, utadhani mimi naweza kuisoma kupitia mgongo wake. Akaita mwenzake, wakanong'ona. Aliporudi alisema polepole, kama anaongea na mgonjwa, "Binti, mtu uliyemtaja, katika kumbukumbu zetu, hana dada. Na hana mama."

Nikasema lazima ni mtu mwingine. Akanisomea tarehe yako ya kuzaliwa, mtaa wetu na jina la shule yako ya msingi.

Pasipoti yangu wameizuia. Wamenipa mpaka mwisho wa Juni nipeleke maelezo ya maandishi. Kama huyo ni mjomba wangu kweli, nilete vyeti vya kuzaliwa vya Mama na vyako, na Mama mwenyewe aje na kitambulisho chake. Kama si mjomba wangu, niandike hivyo na kutia sahihi kwamba nilisema uongo. Wakipata vyeti, viza yangu itaendelea. Kuhusu wewe hawakusema lolote, walinyamaza tu, na walinyamaza kwa adabu sana.

Vyeti vyote viwili viko kwenye sanduku la Bibi. Nimevitazama jana. Chako hakijakunjwa hata mara moja.

Nakuuliza kwa utulivu: ulisema nini kuhusu sisi?

Mpwa wako

---

24 Mei

Mpwa,

Kwa hiyo ulijaza. Nilikukataza ukajaza, halafu unanieleza habari za viti na minyororo kama uliyekwenda kutembea. Miaka yote niliyokaa huku hakuna aliyewahi kunigusa, si polisi, si tajiri wangu, si jirani. Umekuja wewe na mwandiko wako mzuri.

Unataka kujua nilisema nini. Nilisema kilichotakiwa. Nyinyi mnafikiri mtu anashuka kwenye ndege anapewa kibali na ua. Sisi tulioomba hifadhi tulikaa kwenye ukumbi uliokuwa wa michezo, mistari ya mpira wa kikapu bado iko sakafuni, tukiitwa mmoja mmoja. Aliyekuwa mbele yangu alisema ana mke na wazazi nyumbani. Wakamwambia, basi rudi kwao. Nilimwona akitoka na begi lake. Halafu nikaitwa mimi. Waliuliza nimemwacha nani. Ungesema nini wewe, mwenye shahada ya kutazama macho ya watu? Nilisema sina mtu. Wakasema eleza. Nikaeleza.

Halikuwa jambo la kumdhuru yeyote. Mama aliendelea kula, dada aliendelea kushona. Nani kati yenu aliumwa hata kichwa kwa sababu ya maneno yale? Nilipotuma chochote mlipokea, hamkukiuliza kimetoka kwa marehemu au kwa mzima.

Sasa sikiliza. Waandikie kwamba mimi si mjomba wako. Waambie kwenu kila mwanaume aliyemzidi mtu umri anaitwa mjomba, hata muuza magazeti, na kwamba wewe ulizoea kuniita hivyo. Watakuamini. Huku wanatuona sote ni watu wa kuitana ndugu hovyo hovyo, na upuuzi wao huo kwa mara ya kwanza utatusaidia. Utanyimwa viza, sawa. Wewe ni mtoto, utaomba tena mahali pengine. Mimi nikirudishwa, nirudi kufanya nini? Huko kwenu kuna majengo mangapi yenye lifti?

Usimwambie dada. Mama ndiye kabisa.

Mjomba wako

---

23 Juni

Bwana Fundi Lifti,

Huku kila mtu yu mzima, jambo ambalo naona litakusumbua.

Nimewaambia. Ulinikataza, lakini wewe makatazo yako hufika kwa kuchelewa au hayastahili. Nilisubiri Mama amalize pazia la mwisho, nikamsomea barua yako yote bila kuruka mahali. Alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye kile kifuko chake, halafu akasema, "Kumbe mimi ni marehemu. Na hoteli bado inataka risiti." Akacheka. Hujawahi kusikia kicheko cha namna ile, wala sikuombei ukisikie. Kisha akaniambia nitoe vyeti kwenye sanduku, twende wote ubalozini asubuhi, akawaoneshe marehemu anayejua kupiga pasi.

Bibi alikuwa amesikia kila kitu. Hakukasirika. Aliuliza, "Wakijua, watamrudisha?" Nikasema huenda. Akasema, "Basi wapelekee." Akaanza kupanga kitanda chako kitakaa upande gani wa dirisha.

Nilikwenda nikakaa chumba cha nyuma dukani na vyeti vyenu mbele yangu, nikapima. Nikipeleka, napata chuo. Ada ipo, nafasi ipo, na ofisi ya malazi wameandika kwamba chumba kimoja kimepatikana. Kwa hiyo hata mlango wako sikuuhitaji tena. Nilichohitaji ni karatasi mbili tu zilizokuwa mkononi mwangu, na wewe ungebebwa na ndege kurudi.

Halafu nikakuona umefika. Nikakuona kwenye kochi la Mama, umevua viatu mlangoni kwa kununa, unatueleza jinsi maji ya huko yanavyotoka kwa nguvu. Nikamwona Mama anakukatia vitambaa vya shuka, maana angekupokea, usijidanganye, angekupokea siku hiyohiyo. Nikamwona Bibi anakushika uso kwa vidole kwa kuwa hakuoni, na wewe unamwambia alipaswa kupelekwa hospitali ya maana. Na mimi niko mbali, nasoma, najua kwamba kila mnachokula pamoja nimekilipia kwa kukutoa. Nikaona hapana. Sitaki kukukuta popote ninapogeuka. Sitaki hata kuwa nimekufanyia ubaya, kwa sababu anayefanyiwa ubaya hukumbukwa.

Nimewaandikia kwamba wewe si mjomba wangu. Ule uongo wa muuza magazeti sikuutumia, ni wa kututukana watu wote kwa mpigo. Niliandika sentensi moja tu: "Mama yangu hana kaka." Ilitakiwa sahihi ya shahidi. Mama aliisoma, akatia sahihi. Kalamu ilikwaruza karatasi.

Yule mwanamke wa koti la kijivu alinitazama sana. Aliniuliza kama nina hakika, maana nikisaini sitaweza kuomba tena kwao kwa miaka mingi. Nikasaini. Akanirudishia pasipoti ikiwa na mhuri mwekundu. Miwani yake bado imepinda.

Chuo wameniandikia kwamba nafasi yangu amepewa mwingine. Darubini ameniambia, "Nilijua utarudi," nikamwambia sikuwa nimeondoka. Nimejiandikisha chuo cha ufundi cha hapa, masomo ya jioni, cheti cha miwani. Sitaruhusiwa kugusa jicho la mtu. Nimeamua kumaliza hicho kwanza.

Usije ukadhani nimekuokoa. Umeachwa ulipo, basi.

Bibi ndiye tu bado ana neno na wewe. Nilikataa kuliandika, akaniambia kwamba kalamu ni yangu lakini mtoto ni wake. Anataka kujua: katika maelezo yako, alikufa kwa nini?

Binti wa mshona mapazia

---

2 Agosti

Mpwa,

Barua yako imefika. Umeandika kwa majivuno kama mtu aliyefaulu, wakati umefeli. Ungeniuliza, ningekwambia cheti cha jioni hakina thamani hata ya fremu yake. Na hiyo sentensi yako uliyoona ni ya akili sana, "Mama yangu hana kaka," imeingizwa kwenye jalada langu. Nimeitwa wiki jana wakanisomea, nikatakiwa kuthibitisha kwamba ni kweli. Nimethibitisha.

Sina la kumwomba mtu yeyote msamaha. Mwambie dada.

Kuhusu swali la Mama. Nilisema alifariki usingizini, Jumapili, na kwamba hakuumwa. Yule karani alitaka niseme ni ugonjwa gani, akaniambia wazi kwamba ugonjwa ungenisaidia zaidi. Nilikataa kumpa ugonjwa. Dada nilimweka ajali ya barabarani, kwa sababu karani alisema wawili hawawezi kufa usingizini.

Msomee Mama taratibu, na usiruke kitu.